Kuachana Lubumbashi: kikao cha familia, kanisa, msuluhishi au tribinali?

Ndoa iliyoandikwa komine (ofisi ya serikali ya mtaa) haivunjwi na baba mkwe, wala padri, wala imamu. Sheria ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, imempa jaji peke yake kazi hiyo, tena baada ya mmoja wa wanandoa kumwomba. Hata kama mmekubaliana kila kitu, mahari imerudishwa na kila mtu amehamia kwao, mbele ya sheria ninyi ni mume na mke hadi siku ya hukumu.

Ninaanzia hapo kwa kuwa watu wa mji huu huuliza, "Twende kwa usuluhishi ao twende tribinali?" kana kwamba ukishika njia moja umeiacha nyingine. Ndani ya kuachana kuna mambo manne yaliyofungwa pamoja: ndoa yenyewe (iishe au iendelee), watoto watalala wapi, nani atatoa nini kwa chakula, shule na dawa, halafu mali, pamoja na mahari. La kwanza ni la jaji tu. Yale matatu mnaweza kuyazungumza kwingine na kuyafikisha kwa jaji yakiwa yameshakamilika. Ninacholinganisha hapa ni nani mzuri kwa jambo lipi, maana nimeona watu wakipeleka jambo sahihi mahali pasipofaa, na wanaoumia ni watoto.

Wasioingia kwenye usuluhishi

Usuluhishi unataka watu wawili wanaoweza kusema "hapana" mbele ya mwenzao bila kuogopa usiku utakaofuata. Mwanamke anayepigwa hawezi. Atakubali lolote ili arudi nyumbani salama jioni hiyo, na wazee watasema wamepatanisha. Kwake njia ni hospitali kwanza, apewe cheti cha daktari, kisha polisi au parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), kisha jaji. Pale polisi aulizie kile kitengo maalumu cha kulinda watoto na kuzuia ukatili wa kingono. Familia imsindikize huko, isimwite kwenye kikao.

Ubakaji haumalizwi kwa mbuzi wala kwa faini. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zimeziba mlango huo: aliyetenda hawezi kulipa faini ili kesi ifutwe. Vivyo hivyo kwa binti aliyeozwa hajatimiza miaka 18. Wanaoketi kumpatanisha msichana wa miaka 15 na anayeitwa mume wake hawasuluhishi ndoa, kwa sababu sheria haioni ndoa pale. Wanaficha kosa.

Kuna na wa tatu: mzazi ambaye mwenzake ameshamchukua mtoto, amemvusha Kasumbalesa, mpakani na Zambia, au amempeleka kijijini, na simu haipokelewi. Huyo aanze kwa jaji, aombe amri ya muda, ndipo azungumze. Kila wiki mnayokaa kikao huku mtoto hajulikani alipo, inampa nguvu yule aliyemficha.

Kikao cha familia

Nitakaa hapa zaidi, maana ndiko watu wengi wa Lubumbashi wanakoanzia, na ndiko watoto wanakopotelea.

Kikao kina uzuri ambao tribinali haiwezi kuwa nao. Wanaoketi Jumapili mchana uani, kwenye mitaa ya hapa kama Katuba, Kenya au Ruashi, ndio waliopokea mahari. Wanakumbuka nani aliahidi nini. Gharama ni vinywaji, chakula, na nauli ya mjomba anayetoka Likasi au Kamina. Na mwanaume ambaye angeitupa barua ya tribinali chini ya kitanda hathubutu kukataa wito wa baba yake mkubwa. Hiyo ni nguvu ya kweli, na sioni sababu ya kuidharau. Pale ambapo ugomvi ni wa matusi, wa deni, wa shemeji anayeingilia nyumba, au wa mume asiyeacha pesa ya chakula, kikao cha masaa matatu kinaweza kufanya ambacho jaji hatakifanya kwa mwaka.

Shida ni watoto. Mji huu tangu 1910, ulipokuwa Élisabethville, umekusanya watu wa koo ambazo hazihesabu uzao kwa namna moja. Kwa Waluba, wa Katanga na wa Kasai, mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwa Wabemba na Walamba ukoo unapita kwa mama, na mjomba ana neno zito juu ya watoto wa dada yake. Oanisha hao wawili, kama ilivyo katika nyumba nyingi za hapa, halafu waachane: kila upande unafika uani na sheria yake kamili, iliyorithiwa, isiyo na shaka. Wanaanza kubishana mtoto ni wa nani, wakati jambo lililowaleta lilikuwa atalala wapi, atasoma shule gani, na nani atampeleka hospitali akishikwa na malaria usiku. Masaa yanakwisha hivyo, na mtoto yuko jikoni anasikia.

Sheria ya nchi haifuati upande wowote kati ya hizo mbili. Inasema mtoto yuko chini ya mamlaka ya baba na mama kwa pamoja mpaka atimize miaka 18. Na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka faida ya mtoto mbele ya kila uamuzi unaomhusu. Ikaongeza kwamba mtoto mwenye akili ya kupambanua ana haki ya kusema mawazo yake. Katika vikao vya familia mtoto hasemi. Mara nyingine hata mama yake hasemi. Anasemewa na kaka yake. Kama unaitisha kikao, omba tangu mwanzo kwamba mke aseme kwa mdomo wake, na shangazi mmoja anayemwamini aketi karibu naye. Wazee wenye busara hawakatai hilo.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila familia ilishike: mahari na watoto visizungumzwe siku moja. Vikiwekwa pamoja vinakuwa biashara. Upande wa mke hauna pesa ya kurudisha, basi mtu mmoja anasema, "Msiturudishie kitu, tutabaki na watoto." Au upande wa mume unasema, "Kama mnataka watoto, lipeni kwanza." Wanaosema hivyo si watu wabaya. Ni watu waliochoka, saa kumi na mbili jioni, wanatafuta namna ya kumaliza. Lakini mtoto ameshakuwa fidia. Ketini kwa ajili ya watoto kwanza, siku yao peke yao, mkiwa bado na nguvu na adabu. Mahari, vitu vya nyumba na madeni yasubiri Jumapili nyingine.

Hukumu yangu kuhusu kikao cha familia: kwa kupatanisha ndoa ambayo bado inapumua, na kwa mahari, hakuna kinachokishinda. Kwa ulezi wa watoto kisiachiwe neno la mwisho.

Kanisa na msikiti

Padri, mchungaji na imamu wana lengo lao, nao hawalifichi: ndoa isimame. Kwa hiyo wafuate kama na wewe bado unataka isimame, au hujui. Ukifika na moyo umeshaamua, utasikia mafundisho ambayo hukuyaendea, na mwenzako ataondoka akidhani umekubali kujaribu tena.

Kwa Wakatoliki, watu wa jumuiya na wasimamizi wa ndoa huja kwanza, kisha paroko. Tribinali ya Kanisa ni kitu kingine: haitoi talaka, inachunguza kama sakramenti ilikuwa halali tangu siku ya kwanza. Mwaka 2015 Papa Francis alifupisha mwenendo huo, hukumu moja ikatosha mahali palipodaiwa mbili zinazolingana. Lakini hata ukiipata, komine bado inakuhesabu umeoa au umeolewa. Na ukipata talaka ya jaji, Kanisa nalo halijakufungulia.

Kwa Waislamu, Kurani yenyewe, Sura ya An-Nisaa aya ya 35, inaagiza mwamuzi mmoja kutoka watu wa mume na mmoja kutoka watu wa mke. Nikiutazama mpango huo ninaona usuluhishi uliokamilika: wawili, sawa kwa sawa, nia yao ni sulhu. Ningefurahi kama familia zisizo za Kiislamu zingeuiga badala ya kuleta wajomba saba upande huu na wanne upande ule. Ila talaka iliyotamkwa kwa mdomo haina nguvu kwa sheria ya Kongo. Mke aliyeachwa hivyo anaweza kumaliza eda yake, akapata mchumba mwingine, na akifika komine kuandikisha ndoa akaambiwa bado ana mume.

Makanisa ya uamsho nayo yana wachungaji wanaoketi na wanandoa kwa uvumilivu mkubwa, bila kudai chochote. Jihadhari na mmoja tu: anayesema ameona kwa maono ni nani chanzo cha ugomvi. Katika nyumba zinazovunjika, na hasa baba anapoleta mke mwingine, kidole hicho mara nyingi huelekezwa kwa mtoto, naye anaitwa mchawi. Watoto wamelala barabarani katika mji huu kwa sababu ya neno hilo. Sheria ya 2009 inamwadhibu anayemshtaki mtoto kwa uchawi, awe mchungaji, mama wa kambo au baba mzazi. Mahali neno hilo lilipotamkwa, usuluhishi umekwisha. Mtoe mtoto kwanza.

Msuluhishi asiye wa upande wowote

Huyu ndiye watu hawamjui sana, na ndiye ninayempendekeza kwa habari ya watoto. Anaweza kuwa avoka (wakili), mfanyakazi wa ofisi ya mambo ya kijamii, mtu wa shirika linalosaidia wanawake na watoto, au mwalimu mstaafu ambaye pande zote mbili zinamheshimu. Kazi yake si kuamua. Anamsikiliza kila mmoja peke yake, kisha anawakutanisha, anaandika walipokubaliana na walipokwama, anawarudisha nyumbani kufikiri, anawaita tena. Yaliyosemwa pale hayatoki.

Tofauti yake na wazee inaonekana kwenye mambo madogo. Tuseme baba anafanya kazi kwenye migodi ya Kolwezi, karibu kilomita 300 kutoka hapa, na mama anauza soko la Kenya, wana watoto watatu. Wazee watasema, "Watoto wabaki na mama yao, baba aje kuwaona." Jaji ataandika karibu hivyo hivyo, kwa Kifaransa: ulezi kwa mama, baba ana haki ya kuwatembelea. Lakini baba atakuja lini? Akifika saa nne usiku baada ya safari? Watoto wakienda Kolwezi likizo ya Pasaka nani analipa nauli, nani anasafiri nao? Mdogo ambaye bado ananyonya atawafuata wakubwa? Baba akiwa na mwanamke mwingine kule, watoto watalala chumba gani? Msuluhishi mzuri anakaa juu ya maswali hayo moja moja hadi yapate jibu ambalo wazazi wote wawili wamelitoa wenyewe. Jibu ulilolitoa mwenyewe unalifuata. Ulilopewa unalitafutia njia ya kulikwepa.

Udhaifu wake: hana mamlaka. Mwenzako akikataa kuja, hakuna wa kumleta. Akitia saini na kuacha kulipa baada ya miezi miwili, karatasi ile peke yake haimtumi mtekelezaji wa hukumu mlangoni kwake. Halafu kuna wanaojiita wasuluhishi na si hivyo. Avoka wa mume hawezi kuwa msuluhishi wa wote wawili, hata akisema anaipenda familia nzima. Anayelipwa na upande mmoja kwa siri, mwondokee. Anayekuahidi kwamba "utashinda", huyo anatafuta kesi. Na kipimo changu kikubwa: je, kabla ya kuwakutanisha alimuuliza mke peke yake, mlango umefungwa, kama kuna kipigo nyumbani? Asiyeuliza hilo hajui kazi yake.

Kuhusu pesa, uliza bei mbele, na mgawane nusu kwa nusu mkiweza. Msioweza, chama cha mawakili kina ofisi ya ushauri wa bure. Sheria ya mawakili ya 1979 ndiyo iliyoiweka. Wako pia watetezi wa mahakamani, ambao kwa kawaida bei yao iko chini ya ile ya avoka.

Mahali pamoja pasipo usuluhishi ni kituo cha polisi. Mtu akigombana na mke wake kuhusu nani akae na watoto, mwenzake anamletea karatasi ya wito, wanaketi mbele ya ofisa, wanalipa, wanatia saini kitu wasichokisoma. Polisi ni kwa kosa la jinai: kipigo, kutishia, kumteka mtoto. Nani awe mlezi hawaamui wao.

Tribinali

Talaka inaombwa kwenye Mahakama ya Amani, ile tunayoiita tripaix. Mke hahitaji ruhusa ya mume kwenda pale. Marekebisho ya 2016 yalifuta ulazima wa mke kupewa idhini na mume wake kwa mambo ya kisheria. Anayeomba anaandika sababu zake, na jaji akizipokea hafungui kesi mara moja. Sheria inamtaka ajaribu kupatanisha kwanza: anawaita wenyewe, si wawakilishi wao, anawasikiliza faraghani. Wengi wanaoogopa tribinali hawajui kwamba mlango wake wa kwanza ni upatanisho. Wanadhani wataanikwa mbele ya umati siku ileile.

Ikishindikana, kesi inaanza, na jaji anatafuta jambo moja: je, muungano huu umeharibika kiasi kwamba hauwezi kutengenezwa tena? Hilo ndilo msingi wa talaka katika sheria yetu. Haitoshi kusema mmekubaliana kuachana. Lazima aone mambo yanayomsadikisha. Wakati kesi inaendelea anaweza kutoa amri za muda: nani abaki nyumbani, watoto wakae kwa nani, matunzo kiasi gani. Asiyeridhika na hukumu anakata rufaa kwenye Mahakama Kuu, ile tunayoiita TGI.

Kuhusu mali, jaji anaangalia utaratibu mliouchagua siku ya ndoa. Kama hamkuchagua, sheria imewachagulia: vilivyopatikana ndani ya ndoa ni vya wote wawili, na kila mtu anabaki na alivyokuja navyo. Hili linawashangaza wanaume wengi wanaosema "nyumba ni jina langu". Soma cheti chako cha ndoa kabla ya kuketi popote, hata kwenye kikao cha familia, maana wazee hugawa vitu vya nyumba kwa mila na kumwacha mwanamke na sufuria.

Watu walioishi yaka tofanda, bila mahari wala komine, hawana talaka ya kuomba. Wana watoto. Ugomvi wa matunzo ya mtoto unapelekwa Mahakama ya Watoto, na pale mfanyakazi wa kijamii anaweza kutumwa kutazama nyumba zote mbili kabla jaji hajaamua. Hakikisha baba ametambua mtoto kwa karatasi, la sivyo mazungumzo yote ya matunzo yanaelea. Waliooana kwa mahari tu wako katikati: sheria inaitambua ndoa iliyofungwa katika familia lakini inataka iandikishwe. Hao waulize avoka kwanza wako upande gani.

Ubaya wa tribinali mnaujua. Kuahirishwa. Karani ambaye leo hayupo. Gharama zinazoongezeka kila hatua, avoka juu yake. Karatasi za Kifaransa ambazo mama wa sokoni anasomewa na mwanawe wa sekondari, yaani mtoto anayegombaniwa ndiye anayetafsiri ugomvi. Asiye na uwezo aombe cheti cha umaskini kwenye ofisi ya mambo ya kijamii, kinampunguzia gharama za mahakama. Na kesi ina tabia ya kuwafanya wazazi waseme mabaya ambayo hawakuyawaza, kwa sababu kila upande unatafuta ushahidi.

Uzuri wake ni mmoja, lakini unabeba mengi: neno la jaji linatekelezwa. Mwanaume mwenye pesa na ndugu wakubwa anaweza kuujaza ua wa Katuba na watu wake. Mbele ya jaji anabaki mtu mmoja.

Sasa wewe ushike lipi

Kama wote wawili mmeamua kuachana na bado mnaweza kuongea kwa simu bila matusi, anza na msuluhishi kwa watoto na matunzo, peleka mahari kwa wazee, halafu mmoja wenu apeleke ombi kwa jaji pamoja na makubaliano yenu. Jaji anaweza kuyaingiza makubaliano ndani ya hukumu akiona hayamdhuru mtoto. Kati ya njia zote, hii ndiyo naona inaumiza kidogo, na ndiyo inayobaki na watu wanaosalimiana siku ya ubatizo au mahafali ya mtoto.

Kama mmoja anataka kuachana na mwingine hataki, kanisa au kikao cha familia kwanza, lakini kwa tarehe. Wekeni siku ya mwisho, kwa mfano mwisho wa muhula wa shule. Nimeona wake wanaongojea wazee miaka, kila kikao kinaahirishwa hadi kingine, na wakati huo mume amejenga kwingine.

Kama mwenzako hana nia, anakuja kikaoni, anaahidi, anatoka, hafanyi, basi usimpe kikao cha tatu. Mtu wa namna hiyo usuluhishi ni kichaka chake. Nenda tripaix, omba amri ya muda ya matunzo, na mazungumzo yaendelee huku amri ipo.

Kama ugomvi wenu wote ni mali, na ni mali nyingi, kila mtu awe na avoka wake hata mkiwa kwa msuluhishi. Kama ni watoto tu, avoka wawili mezani mara nyingi huongeza moto. Wabaki nyuma, wasome karatasi kabla hamjatia saini.

Na kama watoto wako wana miaka kumi na zaidi, waulizeni, lakini si ninyi. Mtoto akiulizwa na mama mbele ya mama atamchagua mama, jioni kwa baba atamchagua baba, na usiku atalia. Aulizwe na msuluhishi au mfanyakazi wa kijamii, peke yake, na asiulizwe "unamtaka nani". Aulizwe siku yake inaendaje, shule iko mbali gani, anamkumbuka nani akiwa wapi, nkambo yake (bibi au babu) anamwona mara ngapi.

Karatasi yenyewe

Makubaliano yaliyosemwa tu yanakufa na hasira ya kwanza. Andikeni. Majina ya watoto na tarehe za kuzaliwa kama zilivyo kwenye vyeti vyao, si majina ya nyumbani. Kiasi cha matunzo kwa mwezi, na kiwe dola au faranga za Kongo, mseme wazi, maana faranga ya leo si ya mwaka ujao, na ugomvi wa kiwango cha kubadilisha umeshavunja makubaliano mengi mazuri. Lipeni kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money ili kila malipo yaache alama. Ada ya shule ipelekwe shuleni moja kwa moja. Shule za msingi za serikali ni bure tangu 2019, lakini sare, madaftari na shule za sekondari bado vinataka pesa, kwa hiyo viandikwe kimoja kimoja.

Andikeni nani anaamua mtoto akihitaji upasuaji na mmoja hapatikani. Andikeni Krismasi na Idi, likizo kubwa, siku za msiba. Andikeni kwamba hakuna atakayemvusha mtoto mpaka Zambia bila maandishi ya mwenzake. Andikeni kwamba mke mpya au mume mpya hatampiga mtoto wala hatamkataza kupokea simu ya mzazi wake.

Wekeni pia mtakavyobadilisha, maana baba anaweza kufukuzwa kazi Kolwezi, mama anaweza kuhamia Likasi, na mtoto wa miaka minne atafika kumi na nne. Hata ulezi ulioamriwa na jaji unaweza kurudishwa mbele yake hali ikibadilika. Semeni basi kwamba kila mwaka shule zikifunga mtaketi tena na msuluhishi yuleyule, na mkikubaliana upya mtampelekea jaji mabadiliko hayo kabla shule hazijafunguliwa.